Sabuni za zamani: harufu imebadilishwa, au pua zetu zimechoka?

Kila nikisema sabuni za kuogea za siku hizi hazinukii kama zile tulizokulia, jibu ni lile lile: umri umekwenda, pua imechoka, na cha utotoni siku zote huonekana kitamu. Nalileta suala hili tulijadili kwa ushahidi. Mimi nashikilia kwamba harufu imebadilishwa kweli, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa.

Chukueni Pears, ile sabuni ya rangi ya asali inayopitisha mwanga, iliyoanzia London mwaka 1807. Mwaka 2009 kampuni ya Unilever walibadilisha mchanganyiko wake. Waingereza walioizoea kwa harufu yake ya upole, ya mitishamba na viungo, wakakuta imekuwa kali, wengine wakaifananisha na lami. Malalamiko yakawa mengi hata mwanzoni mwa 2010 ikaahidiwa kuisogeza karibu na ile ya zamani. Sasa niambieni, watu wote wale walichoka pua kwa mkupuo mmoja?

Kuna na Lifebuoy nyekundu. Wazee wetu waliposema inanuka hospitali hawakukosea. Ilikuwa na karboliki, dawa ya kuua vijidudu, tangu kampuni ya Lever Brothers walipoitoa miaka ya 1890. Karboliki hiyo iliondolewa zamani. Hapo silaumu, maana huchoma ngozi.

Wapo wanaojitetea kwa kipande cha zamani: wamekitunza kabatini, wamekinusa pamoja na kipya, tofauti ni kubwa. Nawaunga mkono kwenye hoja, lakini ushahidi huo ni dhaifu. Marashi hupotea hewani hata sabuni ikiwa imefungwa, harufu ya limau na machungwa ikitangulia, na mafuta yenyewe huchacha. Kipande cha miaka ishirini hakinukii tena kama siku kilipotoka kiwandani.

Ushahidi wenye nguvu uko kwenye karatasi inayofungia sabuni. Marehemu bibi yangu alikuwa akipanga sabuni katikati ya kanga zake sandukuni, ili siku ya kuzivaa zinukie. Tulipolifungua sanduku nikakuta sabuni ambayo mimi mwenyewe naitumia hadi leo. Nikaziweka karatasi mbili mezani, ya bibi na yangu. Ua lile lile, rangi ile ile, maandishi ya mbele yale yale. Nikazigeuza. Ya bibi, baada ya neno Parfum, yaani marashi, ina jina Butylphenyl Methylpropional. Yangu haina.

Jina hilo si dogo. Ndiyo Lilial, kemikali yenye harufu ya maua meupe iliyotumika sana katika sabuni na marashi. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vipodozi kuanzia tarehe 1 Machi 2022 kwa kuhofiwa kudhuru uzazi. Kuiondoa ni jambo jema, na mtengenezaji anayeuza nchi nyingi huona nafuu kutumia mchanganyiko mmoja kila mahali. Lakini ukitoa kiungo kikubwa cha harufu ukaweka kingine, umebadilisha harufu. Kwa nini karatasi ya mbele inyamaze?

Ni kweli pua hudhoofika kwa umri. Ila pua iliyodhoofika kwa umri kwa kawaida hunusa kitu kile kile kwa mbali, ni nadra kugeuza waridi kuwa limau.

Ninachodai ni kidogo: maneno mawili, "harufu mpya", mwaka ule mabadiliko yanapofanywa. Neno Parfum peke yake linaweza kubeba makumi ya viungo bila kuvitaja. Ulaya, kuanzia 2005, viungo 26 vinavyojulikana kuamsha mzio vilitakiwa kutajwa kwa majina vikizidi asilimia 0.01 katika bidhaa ya kusuuzwa kama sabuni, na ndiyo maana niliweza kulinganisha.

Mwenye karatasi ya zamani aigeuze, asome majina yanayofuata neno Parfum, kisha achukue ya leo. Anayeamini ni pua tu, naye alete karatasi zake mbili zinazofanana.