Chujio la maganda ya kamba kisimani, tuchange au tusichange?

mtoto_wa_kusini: Asalaam alaykum. Kisima chetu kipo hatua chache tu na gereji, mabetri ya gari yanapasuliwa chini pale pale na yale maji yake makali yanamwagwa mchangani, sasa watu wameingia wasiwasi wa risasi kwenye maji, ile metali ya sumu iliyomo ndani ya betri. Kuna kijana anataka tuchange tuweke chujio la kitosani, inatolewa kwenye maganda ya kamba na kaa, eti inakamata metali nzito. Kikao kimegawika. Mnasemaje?

bimwani_jambiani: Changeni, maganda si tunayatupa tu yanajaa nzi? Ila mie nauliza mbona si mwani, tunalima toka 1989 na bado tunauza mkavu kwa kilo, bei ya kuchekesha.

mkemia_mkoani: Bi mkubwa shikamoo. Mwani wetu mwekundu unatoa karajini, ule ute wake, inashika metali kidogo, mwenye kazi hiyo hasa ni alijineti, ute mwingine, na hiyo inatoka mwani wa kahawia, ule unaojitupa wenyewe ufukweni. Unga wake unauyeyusha unaudondosha kwenye maji ya kalisiamu kloridi, kila tone linaganda papo hapo kama yai la samaki, risasi ikipita inaisukuma kalisiamu nje inakaa yenyewe. Kitosani nayo si kutwanga maganda tu jamani, unayaosha kwa asidi yatoke chokaa halafu unayapika na kostiki, ile ile ya sabuni lakini kali zaidi.

yakhe_mbishi: Somo zuri, sasa nani kapima? Risasi haina rangi haina ladha, kiwango cha WHO ni 0.01 mg kwa lita, hapo ulimi wako haukusaidii kitu. Na chujio likishiba halikwambii, maji yanapita vile vile na watoto wanakunywa wakijua yamechujwa. Mie nyumbani nina ndoo ya chujio, kile cha ndani sikukibadilisha miaka miwili mpaka kikaota ukoko wa kijani, na huo unaonekana! Halafu mzigo uliojaa risasi mtautupa wapi, jaani kwa mbuzi?

mkemia_mkoani: Unaoshwa kwa asidi unatumika tena. Ila kweli, risasi inakuwa imehamia kwenye ile asidi. Na chumvi ya visima vya pwani haitoi, msije mkalaumu.

yakhe_mbishi: Mnaona? Tunazungumza chujio tu, gereji hakuna anayeigusa.

mtoto_wa_kusini: Yakhe, mwenye gereji ndo anayetoa futari msikitini kila Ramadhani, nani wa kumwanza?

bimwani_jambiani: Haa, kumbe ndo hapo penyewe! Basi mchango wa mwanzo uende maji yakapimwe, wa pili mnunulieni pipa la plastiki amwagie humo. Akileta ubishi nambieni mie, mkewe tuko naye kikoba kimoja.