Nauli tumeshusha, abiria hawajui. Nitangazeje?

Mkata Tiketi, Arua: Salamu wadau. Nakata tiketi za Arua–Kampala hapa Uganda, kampuni ndogo ya mabasi mawili. Tajiri amekubali kushusha nauli ya basi la mchana, Jumanne hadi Alhamisi, kutoka shilingi 60,000 hadi 45,000. Siku hizo tunaondoka na viti 20 vitupu, na dizeli ya kufika Kampala ni ileile. Nimebandika karatasi kwenye dirisha la ofisi, wiki ya pili sasa, na viti bado vitupu. Jana mama mmoja alimlipa mpiga debe 60,000 getini, akaketi, akaona tiketi ya jirani yake imeandikwa 45,000. Machozi yalimtoka. Nilimrudishia 15,000 za mfukoni mwangu, lakini sitaweza kila siku. Nisaidieni mawazo.

Konda wa Zamani: Ndugu, anzia getini. Mpiga debe anakula kwa kichwa cha abiria. Ukishusha nauli bila kukaa naye, tofauti inabaki kwake. Mwahidi kamisheni yake ya zamani, isipungue hata mia. Halafu bei iandikwe kwa rangi ubavuni mwa basi, karibu na mlango, herufi za ukubwa wa kiganja. Abiria akishaisoma mwenyewe, hadanganyiki.

Mama Samaki, Pakwach: Mwanangu, nani anasoma karatasi dirishani? Sisi habari tunazipata sokoni na redioni. Tangaza jioni watu wakiwa wanapika, kwa Kilugbara na Kiswahili, na huku kwetu kwa Kialur. Tena useme na mzigo! Boksi langu la samaki wakavu litalipiwa ngapi? Nauli ikishuka, mzigo ukapanda, mimi sijapata kitu. Mwaka 2024 daraja la Karuma, kwenye njia ya Kampala, lilipofungwa kwa matengenezo, basi nililozoea lilipandisha nauli kwa sababu ya mzunguko. Daraja likafunguliwa, nauli ikabaki juu. Ndiyo maana tukisikia punguzo hatuamini upesi.

Mwanachuo: Kaka, na Desemba je? Tarehe 20 watu wote wa kwetu huku West Nile wanajaa Arua Park, kituo cha mabasi pale Kampala, nauli inaruka. Kama punguzo linaisha kabla ya Krismasi, tuambieni mapema tujipange.

Konda wa Zamani: Swali zuri. Wiki ya Krismasi mabasi yanakuja huku yamejaa, yanarudi Kampala karibu matupu. Hapo punguzo liwe la Arua kwenda Kampala, Januari mgeuze.

Mkata Tiketi, Arua: Asanteni sana. Mama, boksi moja litabaki 5,000, nimemuuliza tajiri sasa hivi kwa simu. La Desemba hajalikubali bado, kwa hiyo nitaandika wazi: mwisho tarehe 10 Desemba. Mpiga debe nimeshaongea naye, anataka kamisheni yake jioni hiyohiyo, tumepatana. Rangi nyekundu nimenunua kopo moja, fundi anakuja kesho basi likiwa linaoshwa.