Mrejesho: GIMP 3 imekubali kukompaili, shida ilikuwa njia ya babl

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini GIMP 3, ile programu ya kuhariri picha, inagoma kukompaili (kujengwa kutoka kwenye kodi yake) kwenye Ubuntu yangu, Meson (programu inayosimamia ujenzi huo) inalalamika babl, laibrari inayotegemewa na GIMP, ni ya zamani wakati mimi nimetoka kuweka mpya kwa mkono wangu muda huohuo.

Aliyesema nicheki folda ya pkgconfig, yenye mafaili yanayoonyesha laibrari ziko wapi, ndo alipatia. Kumbe Meson kwenye Debian na Ubuntu haipeleki laibrari kwenye lib moja kwa moja, inazipeleka lib/x86_64-linux-gnu, na mimi PKG_CONFIG_PATH (inayosema folda za pkgconfig zitafutwe wapi) nimeielekeza lib/pkgconfig ambayo haina kitu, sasa ikikosa pale inaenda kuokota ile babl ya zamani iliyokuja na mfumo. Nikarekebisha njia, LD_LIBRARY_PATH pia (njia ya kutafuta laibrari programu inapoendeshwa), nikafuta folda ya build nikaanza upya kwa mpangilio, babl, GEGL, halafu GIMP yenyewe. Ikapita.

Kuna mdau aliuliza kwa nini watengenezaji wasiziweke babl na GEGL ndani ya GIMP yenyewe. Babl kazi yake ni kubadilisha fomati za pikseli, GEGL ndo inachakata picha, na programu zingine zinaweza kuzitumia bila GIMP, kwa hiyo mi naona kuzitenganisha ni sahihi kabisa hata kama inatupa kazi sisi tunaojijengea wenyewe.

Halafu GIMP 3.0 iliyotoka Machi 2025 haina tena Autotools (mfumo wa kujengea uliotumika kabla ya Meson), zile maelekezo za zamani za ./configure achaneni nazo.

Asanteni sana, hasa ndugu yangu wa pkgconfig, umeniokoa kwelikweli.