MJADALA: Maktaba za umma zisemewe na nani, wakutubi wenyewe au sisi wasomaji?

Wakuu, naomba hili tulijadili kwa uzito wake. Maktaba ya umma ikikaa miaka bila vitabu vipya, ikikosa mkutubi, ikivuja paa, nani anatakiwa kusimama mbele ya wenye fedha na kudai? Wapo wanaosema ni mkutubi, kwa sababu ndiye aliyesomea na ndiye anayelipwa mshahara. Wengine wanasema mkutubi ni mtumishi wa umma, kanuni za kazi zimembana, kwa hiyo wasomaji, wazazi na waandishi ndio wapaze sauti.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mjue mnabishana na nani. Kuitetea maktaba ni sehemu ya kazi ya ukutubi, sawa na kupanga vitabu kwenye rafu. Kiongozi wa maktaba asiyejua bajeti inapangwa wapi na lini ameiacha nusu ya kazi yake bila kuifanya.

Maktaba zetu hazikuota zenyewe. Sheria ya kwanza ya huduma za maktaba Tanganyika ilipitishwa 1963, nchi ikiwa changa na hazina yake ikiwa nyembamba kuliko leo. Mwaka huo huo Makerere ilianzisha Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ili wakutubi wa nchi zetu wafundwe hapa hapa. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sherehe za Uhuru, na sidhani tarehe hiyo ilichaguliwa ovyo. Kisha ikaja Sheria Na. 6 ya 1975, iliyochukua nafasi ya ile ya kwanza na kuipa nchi Bodi ya Huduma za Maktaba kwa sura tunayoijua. Mwaka 1989 tukapata chuo chetu cha ukutubi Bagamoyo. Kila hatua hapo ilihitaji mtu wa kwenda serikalini, akae kwenye benchi, aeleze, arudi tena kesho. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba utetezi ni jambo la pembeni.

Sasa tuje leo. Maktaba ya mkoa ipo ndani ya manispaa, inatumiwa na watoto wa manispaa, lakini ni mali ya Bodi, na Bodi iko chini ya Wizara ya Elimu. Ukimfuata diwani anakujibu, tena kwa adabu kabisa, "Hiyo si yetu, ni ya Wizara." Wizarani nako kuna shule, vyuo, mikopo ya wanafunzi na mitihani. Maktaba inabaki katikati, kila mtu anaipenda na hakuna anayewajibika nayo.

Nitoe jambo moja nililoliona kwa karibu. Kuna maktaba ya mkoa ambayo nimekuwa nikisoma. Ukienda Oktoba, wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne, saa tatu asubuhi viti vimekwisha. Kijana anaingia, anaacha begi mapokezi, anapewa kibao chenye namba, anaandika kwenye daftari jina lake, anakotoka na saa aliyoingia. Wengi hawagusi vitabu vya rafuni, wamekuja na madaftari yao na mitihani ya miaka iliyopita. Kuna watu wakiona hivyo husema maktaba imegeuka chumba cha kujisomea, mkutubi wa nini tena? Mimi naona kinyume. Hao wametoka kwenye nyumba za vyumba viwili, redio ya jirani inapiga mchana kutwa, na meza ni hiyo hiyo ya chakula. Wamefuata kiti, mwanga na utulivu ambao hawana pengine pa kuupata bila kulipa.

Na lile daftari? Jioni linahesabiwa, jumla inaingia kwenye ripoti, ripoti inapanda juu. Safu ya "anakotoka" haisomwi na mtu. Kumbe hiyo safu ndiyo hoja yenyewe. Mkutubi angeijumlisha kwa kata, angeweza kumwendea diwani na karatasi moja: hawa ni vijana wa kata yako mwezi huu. Hapo diwani hawezi tena kusema si yetu.

Karibuni tubishane kwa hoja.

MKUTUBI MSTAAFU, MOSHI

Mwanangu, umesema vizuri lakini umesema kama mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye ile meza. Mtumishi wa umma haendi kwa diwani akitokea dirishani. Barua inapita kwa mkubwa wako, mkubwa anaipeleka kwa mkubwa wake, na ikijibiwa una bahati. Ukizungumza na mwandishi wa habari bila idhini, unaitwa ujieleze. Wakutubi wa vituoni mara nyingi ni wachache mno: huyo huyo anapokea, anaazimisha, anashona vitabu vilivyochanika, anafunga milango. Utamwambia na bajeti ya halmashauri aifukuzie?

Chama cha wakutubi tunacho. Kile cha Afrika Mashariki kilipovunjika, 1973 tukaanzisha cha kwetu Tanzania. Lakini wanachama ni watumishi wale wale wenye hofu zile zile. Ukitaka chama kiseme kwa nguvu, kiwe na watu wasio na bosi wa kuwafunga mdomo. Wasomaji ndio nyinyi. Hilo la safu ya "anakotoka" nalichukua, lingenisaidia sana enzi zangu.

MSOMAJI, NAIROBI

Huku kwetu hilo la "si yetu" lilishapatiwa jibu kwenye karatasi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa hiyo mwakilishi wadi wangu, yaani diwani wa kaunti, hana pa kujificha. Lakini msidhani mambo yamenyooka. Maktaba sasa inagombania shilingi moja na hospitali, barabara na mishahara ya kaunti, na asiye na msemaji mezani ndiye anayekatwa kwanza.

Mfano ninaoujua ni Maktaba ya McMillan, mtaa wa Banda, yenye wale simba wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma mle mpaka utawala wa kikoloni ulipokuwa ukingoni. Miaka mingi baada ya Uhuru ilikuwa ya jiji, na ilichakaa pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Waliojitokeza kuziokoa ni Angela Wachuka, mtu wa uchapishaji, na Wanjiru Koinange, mwandishi. Walianzisha Book Bunk mwaka 2017, wakaingia makubaliano na kaunti, na yale matawi mawili yakakarabatiwa na kufunguliwa upya. Hao hawakuwa wakutubi. Kwa hiyo mimi niko na mzee wa Moshi: msomaji mwenye hasira njema anafika mbali.

Kinachonitia wasiwasi ni kimoja tu. Wafadhili wakishatengeneza paa, kaunti itaendelea kuona wajibu ni wake, au itashukuru na kwenda zake?

MWALIMU WA SEKONDARI, SINGIDA

Nitasema lisilopendwa. Shuleni kwangu kuna chumba kimeandikwa "Maktaba". Ufunguo anao mwalimu wa Kiswahili mwenye vipindi vingi kwa wiki, anafungua akipata nafasi. Ukinipa leo fedha ya kuajiri mtu mmoja, naajiri mwalimu wa fizikia kabla ya mkutubi, na wazazi wataniunga mkono. Wanafunzi wangu wenye simu wanapata notsi humo humo. Mnaodai maktaba mtuonyeshe mnataka kipunguzwe nini.

Kama mnataka fedha ya uhakika, fanyeni kama ilivyofanyika kwa mikopo ya vikundi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wekeni na maktaba humo kisheria.

MTANZANIA, UINGEREZA

Nachangia kwa ufupi. Hapa kuna sheria ya 1964 inayozilazimisha halmashauri kutoa huduma ya maktaba iliyo kamili na yenye ufanisi. Serikali ilipobana matumizi, halmashauri za Gloucestershire na Somerset zikaamua kukata huduma hizo. Wasomaji wakaenda Mahakama Kuu, na Novemba 2011 jaji akayafuta yale maamuzi ya kukata, kwa sababu halmashauri hazikuzingatia ipasavyo wajibu wao wa usawa kwa watu kama wazee na wenye ulemavu. Wasomaji ndio walioshinda, ila walikuwa na sheria ya kushika mkononi. Maktaba nyingi zimefungwa huku tangu hapo, kwa hiyo msidhani hukumu moja imemaliza kazi.

MWANZISHA MADA

Shikamoo mzee wa Moshi. Nakubali kwamba mkutubi wa kituoni hawezi kutumwa vitani peke yake. Ila hilo linaongeza uzito wa hoja yangu kwa walio juu. Mkubwa anayepokea barua na kuilaza mezani naye ni mkutubi, amesomea Bagamoyo au Makerere kama wewe. Wasomaji tutapiga kelele, lakini takwimu za daftari ziko kwake. Bila yeye tunabaki na malalamiko matupu.

Ndugu wa Nairobi, wasiwasi wako nami ninao. Ningependa kila makubaliano na mfadhili yaandikwe kaunti au halmashauri itaweka nini kila mwaka baada ya rangi kukauka, na yabandikwe ukutani msomaji ayaone.

Mwalimu wa Singida, siwezi kukuambia uache kuajiri mwalimu wa fizikia. Nakuuliza hivi: yule wa Kiswahili ukimpunguzia vipindi vinne tu, chumba kikafunguliwa kila siku baada ya masomo, nani atapinga? Kwenye asilimia ya kisheria tunatofautiana. Halmashauri nyingi mapato yao ya ndani ni madogo, na fungu likishatengwa kisheria watu huacha kulifuatilia. Mimi ningeanza na kifungu cha maktaba kwenye bajeti ya halmashauri, hata kiwe kidogo, ili kwa mara ya kwanza pawepo mtu wa kuulizwa.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini madiwani wanapitisha makadirio miezi kadhaa kabla. Aliyewahi kumwona mkutubi akiitwa kutoa hoja kwenye kamati au baraza la madiwani, atueleze ilikuwaje na alijibiwa nini. Na wakutubi mlioko kazini, semeni hapa ni ruhusa gani hasa mnayoihitaji, na kutoka kwa nani.