Baba mkubwa anavishwa nishani, hotuba nimeachiwa mimi

Wakuu habarini, naomba ushauri. Baba mkubwa ni kanali wa JWTZ na mwezi ujao anavishwa nishani. Jioni ukoo unamfanyia sherehe, na hotuba nimetwishwa mimi, eti kwa vile nilisoma Kiswahili.

Shida ni kwamba hakupigana Vita vya Kagera. 1978 alikuwa bado shule ya msingi. Maisha yake yote jeshini ni ugavi: mafuta, matairi, sare, mchele. Sifa yake kubwa ni daftari. Dereva akirudi safari, mzee anasoma mita, anapiga hesabu ya lita, pengo likionekana hakuna kulala. Hata nyumbani karatasi anaandika pande zote mbili.

Sasa mtu wa namna hii unamsifuje mbele ya wazee waliovuka mto Kagera, bila kuonekana namwita bahili? Nitaje lita na matairi, au nibaki kwenye nidhamu na utumishi?

Halafu kamati imepanga mchango wa 100,000 kila kichwa, keki ya ghorofa tatu. Kwa mtu yule! Nani amwambie mwenyekiti, ambaye ni shangazi?