Kwa nini Mto Tana hujipinda hivyo kati ya Garissa na bahari?

Swali
Wanajukwaa, hamjambo. Picha za setilaiti zinaonyesha kwamba baada ya Garissa Mto Tana hujikunja na kujikunjua kila mahali, na kandokando yake kuna vijiziwa vyenye umbo la upinde vilivyotengana nao. Ni nini kinachoupindisha namna hiyo, na je, kuna uhusiano wowote na misitu ya ukingoni anamoishi mbega mwekundu wa Tana?

Jibu la kwanza
Ndugu, kuanzia Garissa mto huwa umeshaacha miinuko na unapita kwenye tambarare ya udongo laini, ukibeba tope na mchanga kutoka Mlima Kenya na Aberdare. Penye kona, maji ya upande wa nje huenda kasi na kuumega ukingo, ilhali yale ya upande wa ndani hupoa na kutua mchanga. Kona huzidi kupinda hadi shingo yake inakuwa nyembamba, kisha mafuriko makubwa huikata na mkondo wa zamani hubaki kuwa ziwa. Wapokomo wanaolima ukingoni wanalijua hili vyema, kwa kuwa shamba linaweza kumegwa huku na ardhi mpya ikajitokeza ng'ambo.

Jibu la pili
Uhusiano upo, nao unanitia wasiwasi. Fungu jipya la mchanga ndilo kitalu cha msitu: mpopla wa Tana, mti wa ukingoni, huhitaji mchanga mbichi na jua kali ili uote, na mikuyu iliyokomaa huishi kwa maji ya ardhini yanayojazwa na mto, ndiyo maana ukitoka ukingoni kidogo tu unakutana na nyika kavu. Mabwawa matano ya umeme, kuanzia Kindaruma (1968) hadi Kiambere (1988), hasa lile kubwa la Masinga (1981), yamepunguza nguvu ya mafuriko na kunasa tope. Hifadhi iliyotengwa mwaka 1976 kwa ajili ya mbega huyo na mangabe wa Tana, aina nyingine ya nyani wadogo wa huko, inaweza kuzuia shoka, lakini haiwezi kuupa mto mafuriko.

Jibu la tatu
Binadamu pia ameuelekeza mto huu. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto jirani wa Ozi, maji yakaufuata, na leo mto humwagikia baharini Kipini. Delta ya Tana, yaani eneo la mlangoni mwa mto, ambayo Waorma hushushia ng'ombe wakati wa kiangazi, imo katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2012.