Baiskeli ya Black Mamba iliyovaa kila kitu: ibaki ilivyo au tuivue?

Keria_Kibuye: Kuna wanaosema baiskeli ya kazi ya hapa Kisumu imepitwa na wakati, watu wahamie zile nyepesi za gia za mitumba. Mimi nakataa. Black Mamba yenye keria ya nondo, stendi ya miguu miwili, madigadi mbele na nyuma, chenikava, dainamo ya kuwashia taa, kengele na kioo inampeleka mtu kazini asubuhi, mchana inabeba mitungi minne ya lita 20, jioni inamfikisha mtoto kliniki. Hapo hakuna pambo hata moja. Tazameni magurudumu: nyuma spoki 40, mbele 32, kwa sababu mzigo unakaa nyuma. Ya mitumba mara nyingi ni 36 huku na huku, na upande wa gia spoki hukazwa zaidi ili gia zipate nafasi. Ukipakia kilo 80, za kushoto hulegea kwanza na rimu inaanza kucheza. Halafu ekseli yake ya nyuma: gololi za kulia zimeingia ndani mbali na fremu, kipande kirefu cha ekseli kimebaki bila mshiko, na hapo ndipo kinapopinda hadi kikatike. Mwenye jibu la ekseli alete.

Gia21: Mzee, baiskeli imevalishwa kama bibi harusi! Inapita kilo 20 kabla hujafunga hata mkate mmoja. Na hiyo dainamo ni kupe, inakunyonya damu ukipanda kilima cha Riat. Anza kuvua hiyo.

Fundi_Kondele: Kupe? Omera, lete hesabu, usilete matusi. Dainamo ya chupa ni volti 6, wati 3: 2.4 zinaenda taa ya mbele, 0.6 ya nyuma. Ukijumlisha na zinazopotea kwa msuguano, mguu unatoa kama wati 10 kwa ajili yake, na mtu anayekanyaga taratibu ana 75 hadi 100. Mchana unaiachanisha na tairi, haili kitu. Kinachochosha watu ni kuifunga ovyo. Simama pembeni uitazame: ekseli ya dainamo iwe inaelekea katikati kabisa ya habu, kile kitovu cha gurudumu. Ikikaa mshazari, kigurudumu chake kinakwaruza tairi badala ya kubingirika nayo. Ukuta wa tairi unalika, unasikia mlio kama wa kinu, na lawama anapewa dainamo.

Gia21: Hesabu nzuri. Na mvua? Tairi ikilowa kigurudumu kinateleza, taa inafifia. Ukisimama makutano ya Mamboleo, giza, na lori liko nyuma yako. Taa ya kuchaji haijali umesimama au unaenda.

Dada_wa_Dunga: Taa ya kuchaji inashikwa na kipande cha mpira. Ingia dukani dakika mbili, ukitoka imeota miguu. Dainamo imekazwa kwa bolti, mwizi atafute spana kwanza. Shida ya kusimama inaondolewa na rifleta kubwa nyekundu kwenye madigadi ya nyuma, haitaki umeme. Ila wanaobeba samaki wajue: barafu ikiyeyuka, maji yanachuruzika kutoka kwenye keria, yanaoza madigadi na kuingia kwenye habu. Rifleta ikishika utelezi huo haiangazi tena. Ipanguse kila jioni, na weka karatasi ya nailoni chini ya kreti, ukingo wake upite nje ya tairi.

Mwalimu_Busia: Mnagombania taa. Siti ya sponji juu ya keria na vyuma vya abiria kukanyagia vilizaliwa huku kwetu mpakani, miaka ya 1960. "Boda boda" maana yake ilikuwa mpaka hadi mpaka. Heshima kwanza.

Lanet_Juu: Mimi nilijua ilianzia Kampala.

Mwalimu_Busia: Kampala ina mpaka gani? Ilianzia Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ndipo ikaenea kwingine. Kijana, historia haiokotwi stendi ya matatu.

Keria_Kibuye: Ekseli, waungwana. Hakuna aliyeigusa.

Gia21: Fundi lazima atetee dainamo, ndiyo inamlisha. Kila wiki waya, kila wiki balbu.

Fundi_Kondele: Hapo umenivunjia heshima. Nikitaka kula kwako nitakuuzia hiyo gia yako, ndiyo inayorudi kwangu kila mwezi. Balbu zinaungua kwa sababu moja: ya mbele ikifa, umeme wote unakimbilia ya nyuma, nayo inalipuka papo hapo. Kwa hiyo ukiona ya mbele imezimika, achanisha dainamo hapo hapo, badilisha balbu, ndipo uendelee. Na kama taa inawakawaka, usikimbilie balbu. Waya ni mmoja tu, umeme unarudi kupitia fremu. Rangi au kutu vikiwa chini ya mshikio wa dainamo, njia imefungwa. Kwangua mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo, kaza. Kazi ya dakika kumi, na nimewapa bure mbele ya watu wote.

Dada_wa_Dunga: Asante fundi. Ongeza madigadi, maana huko Ahero udongo mweusi ukilowa unajazana kati ya madigadi na tairi mpaka gurudumu linagoma.

Fundi_Kondele: Dada, acha nafasi ya vidole viwili, siyo kimoja. Bolti ziingizwe kichwa kikiwa ndani na nati nje, la sivyo ncha ya bolti inachana tairi. Weka washa, kile kipete cha chuma, chini ya kila nati.

Lanet_Juu: Huku Nakuru shida si taa, ni kilima. Ukitoka mjini kwenda Bahati na mzigo, meno 48 ya kuvuta cheni mbele na 18 nyuma yanakusukuma karibu mita 6 kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Goti litakuaga. Weka 44 kwa 22, inakuwa mita 4 na nusu. Na uzuri wake, jumla ni 66 kote kuwili, kwa hiyo cheni ile ile inatosha.

Gia21: Sasa hiyo siyo gia? Si ndiyo ninayoisema tangu mwanzo!

Lanet_Juu: Ni gia moja, kaka. Haina kebo ya kukatika wala kamkono ka kupinda ukilaza baiskeli chini. Unachagua kilima chako mara moja.

Keria_Kibuye: Na ekseli haikatiki.

Gia21: Sawa mzee, ekseli nimekusikia, chini ya mizigo hiyo zinakatika. Lakini kubadilisha 48 kuwa 44 si lazima ung'oe krenki ya kulia yote, ule mkono wa pedeli? Ile pini inayoushikilia haitoki.

Fundi_Kondele: Inatoka. Watu wanaigonga krenki ikining'inia, nguvu yote inaishia kwenye gololi, na uzi wa pini unafumuka. Legeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini, usiitoe, ndiyo inayolinda uzi. Egemeza krenki juu ya bomba nene lililosimama chini, pini ipate kushuka ndani ya bomba. Nyundo nzito, pigo moja la uhakika, siyo vipigo ishirini. Kurudisha, nati za pande mbili zitazamane kinyume: krenki moja ikiwa juu na nyingine chini, nati moja iko mbele, nyingine iko nyuma. Ukizipanga sawa, pedeli hazitakaa kwenye mstari mmoja. Endesha kilomita kadhaa, ukaze tena.

Gia21: Pini ni milimita ngapi?

Fundi_Kondele: Zipo za 9 na za 9.5. Nenda dukani na ile kuukuu mkononi uilinganishe. Ya 9 kwenye tundu la 9.5 itagongagonga mpaka iiharibu krenki.